Dundu Thelathini

Siku hizi kaya ya mfugaji hubaki kwenye ardhi yake ikiwa tu dundu wa mavi thelathini wametumbukia kwenye ndoo ya mtego kabla ya jua kuzama siku ya ukaguzi. Wakipungua, ardhi huhesabiwa imekufa, ng'ombe huchukuliwa na serikali, na watu huhamishiwa kwenye maghorofa ya mjini.

Limbu alikuwa amefukia ndoo tangu alfajiri, mdomo wa ndoo sawasawa na ardhi, maji ya sabuni chini, na juu yake akaning'iniza furushi la mavi mabichi ya ng'ombe wake. Hadi saa kumi jioni waliingia wanne tu.

"Labda wamesikia unavyokoroma," alisema mkewe, Nkwimba, lakini mwenyewe hakucheka.

"Mwaka jana walijaa hadi shingoni. Wamekwenda wapi?"

Nkwimba aliutazama mkono wake. "Baba Sayi, mwezi uliopita niliwanywesha ng'ombe dawa ya minyoo. Walikuwa wanakonda, na mtoto alitaka maziwa."

"Wote?"

"Ningembagua yupi?"

Dawa ile hutoka na mavi, na dundu akiyala hufa. Mwezi mzima zizi lao lilikuwa likiwalisha sumu.

Dundu wa tano akatua ukingoni mwa ndoo. Limbu akamsukuma ndani kwa kidole, akabaki amechuchumaa. Nyuma yake alimsikia Nkwimba akianua nguo za mtoto kambani na kuzikunja.

"Jua bado lipo," alisema Limbu.

"Naliona," alijibu Nkwimba, akaendelea kuzikunja na kuzipanga kwenye begi la safari.