Jina la Kituo

Panga la Agustino lilipouma mlingoti wa mwanzi ulioshika antena kwa mara ya kwanza, redio ya Dorika ilikuwa imeanza kunasa kituo kutoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Ukungu ulikuwa umeilalia Njombe, na asubuhi za namna hiyo mawimbi ya FM husafiri mbali.

Mtangazaji alizungumza Kichewa, kisha akaweka wimbo. Kituo kisipotaja jina lake, wasaka masafa, wanaowinda vituo vya mbali redioni, hawakihesabu. Na jina la hiki, Dorika na marehemu mumewe walilitafuta miaka mingi.

"Shemeji, subiri kitaje jina. Kisha nitauangusha mwenyewe."

"Mwanzi wa ukoo, wa kugema pombe ya ulanzi, wewe umeufanya nguzo ya nyaya," alijibu Agustino. "Mjane mzima, unashinda ukisikiliza wanaume wa Malawi."

"Kaka yako ndiye aliyenifundisha."

"Naye tumekwisha kumzika."

Alikata tena. Mlingoti uliyumba, sauti ikafifia.

Dorika aliusimamisha kwa bega, kisha akaulaza mkono wake juu ya pengo jeupe lililoachwa na panga.

"Kata basi," alisema.

Agustino aliinua panga. Redioni wimbo ulikwisha, mtangazaji akavuta pumzi. Dorika alifumba macho ili asikie vizuri.