Sauti Aliyompa Mungu

Katika mji ule watu waliamini kwamba kila anayesema katika Maandiko anasema ndani ya msomaji, kwa hiyo waliposoma kwa sauti walimpa kila msemaji sauti yake. Tangu yeye na mkewe wamzike binti yao Yusta, Kasiano alisoma kila asubuhi, akitafuta neno moja tu la kumwambia kwamba kifo kile hakikuwa kosa lake. Leo alipofika pale Mungu anaposema, "Usiogope," alinguruma hadi kuku wakatimka uani.

"Baba Yusta," mkewe alisema huku akipepeta mchele, "huyo Mungu wako amelala njaa? Mbona anakufariji kama anayetafuta fimbo?"

Kasiano akacheka kidogo.

"Halafu hiyo si sauti ya Mungu, mume wangu. Ni ya marehemu baba yako, akikuita mjinga."

Kasiano akasoma tena, taratibu, ikatoka sauti ile ile. Akajaribu kunong'ona, baba yake naye akanong'ona.

Mkewe akaweka ungo chini, akaja kukaa karibu naye. Kasiano akagusa lile neno "Usiogope" kwa kidole, akafungua mdomo bila kumpa Mungu sauti yoyote, akabaki hivyo, kama mgonjwa anayesubiri kulishwa.