Mkanda Uliolegea

"Dada, mkanda huu ni wa jitu gani?" Verlin, mwalimu wetu wa shabaha, aliutikisa mkanda wa bunduki yangu. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye nyasi za Montana, Marekani. "Unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo! Usipoubana mkononi utapiga mawingu."

"Ni wa mume wangu."

"Basi mwambie aje apige yeye!"

Wanafunzi wenzangu wakacheka. Nikasubiri wamalize.

"Alifariki theluji ilipokuwa ikiyeyuka," nilisema, kama mtu anayetaja saa.

Verlin alivua kofia. "Samahani, dada. Nikuazime mwingine?"

Bizimu ya mkanda ilikuwa palepale alipoifunga mume wangu, na chini yake ngozi ya mkanda ilikuwa imebonyea. Nilipitisha kidole. Moyoni sikuhisi kitu. Nyumbani friza lilikuwa tupu, msimu wa kuwinda kulungu unakaribia, na binti yetu alishauliza mwaka huu nani ataleta nyama.

"Hapana. Nionyeshe unavyokazwa."

Bizimu ilikuwa ngumu. Niliivuta kwa nguvu mpaka ikaachia, nikaukaza mkanda mkononi.

"Haya, tayari?" aliuliza Verlin taratibu.

Nililaza shavu kwenye kitako cha bunduki, pale mume wangu alipokuwa akilaza lake. Kilikuwa na joto, kama ameliinua sasa hivi.