Saini ya Kumi

Karani wa manispaa aliazima kalamu kwa fundi bati ili akusanyie saini za kumfukuza fundi bati huyo huyo.

"Nitakurudishia, kaka," alisema, wala hakuona haya.

Fundi alimpa. Angefanyaje? Miaka kumi na tisa alikuwa akigonga mabati chini ya lile jengo la ghorofa nne: ndoo, makarai, mifereji ya maji ya mvua. Mke na binti watatu walikula kwa nyundo ile. Sasa barua ilikuwa imekuja: wakaazi kumi wakitia saini kwamba kelele zake zinawaudhi, kila mmoja na namba ya mlango wake, karakana inafungwa. Mwisho ni leo, saa sita mchana.

Saa nne, saini zilikuwa tisa.

Aliyelianzisha ni bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, mgeni wa miezi mitano. Huyo alihamia hapa, kwa kinywa chake mwenyewe, kwa kuwa mtaa umechangamka. Alipenda kutoka na kandambili akapata kila kitu: mkate wa moto, fundi viatu, mshonaji, maua. Alipiga picha hadi paka wa jalalani, akawatumia dada zake. Kisha akagundua kwamba mtaa uliochangamka hauna kitufe cha kupunguza sauti.

Wale wanane wengine fundi aliwadharau zaidi. Wote walikuwa na ndoo zake ndani. Mmoja alitia saini huku ameishika.

"Bado mmoja tu," karani alisema. "Yule mzee kwenye benchi la kinyozi. Nimeambiwa huyo hana haja ya kubembelezwa."

Fundi akatazama ng'ambo ya barabara. Mzee Lawama.

Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Kila asubuhi saa mbili yuko pale, suruali imepigwa pasi, kofia kichwani, kimfuko mapajani, na ameshaanza. Hakubakisha mtu. Kinyozi alikuwa na mikono ya kuchunia mbuzi. Muuza viazi alikuwa na mafuta yale yale tangu mwanawe hajazaliwa. Mama wa ghorofa ya pili, watoto wake hawahitaji fimbo, sauti yake inatosha kuwatoa malengelenge. Ukikohoa mara mbili mtaa huu, alisema, watu arobaini watakujulia hali na watatu watakuletea dawa, zote sumu.

Lakini fundi bati ndiye aliyekuwa chakula chake hasa.

"We fundi! Hiyo ni ndoo au unaua mtu?"

"Ndoo, mzee wangu."

"Basi iue upesi, tupumzike!"

Fundi alimjibu kwa adabu kwa sababu ya mvi. Moyoni alimwombea ububu.

"Sisi tunahangaika na riziki," aliwahi kumwambia kinyozi. "Yeye anashuka ngazi tu na kuanza kututukana."

"Ngazi zenu hizo," kinyozi akacheka. "Mngemfungia huko huko juu."

Karani akavuka barabara. Fundi akamfuata, nyundo mkononi, asijue anafuata nini. Labda alitaka kuona kwa macho yake namna mtu anavyomalizwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kakukatia hilo shati? Bega moja linapanda, jingine linashuka."

Karani akalivuta shati, akaeleza shida yake. "Ni kelele za huyu fundi, mzee. Wenzako wanasema wewe ndiye zimekutesa kuliko wote."

"Zimenitesa!" Mzee alifoka hadi kofia ikacheza. "Zinanipasua kichwa! Wala hajui mpigo, anagonga kama mtu aliyefungiwa chooni. Asubuhi hadi jioni niko hapa, sijapumzika hata dakika. Andika hivyo hivyo!"

"Haina haja ya kuandika yote. Tia saini tu tumalize."

"Mzee wangu," fundi alisema. "Nina watoto."

"Nani kakuuliza?"

Mzee akachukua kalamu. Akavaa miwani, akaanza kusoma karatasi tangu juu, jina baada ya jina, na kila jina akalisindikiza na msonyo.

"Huyu naye anaudhiwa na kelele? Mkewe anamsuta mtaa mzima unasikia, yeye hasikii. Na huyu? Huyu anakoroma mpaka kinyozi anakosea kunyoa. Na huyu bibi wa picha... khaa!"

Kinyozi akazima mashine yake. Kichwa kilichonyolewa nusu kikageuka kutazama. Muuza viazi akaacha kukaanga. Fundi hakukumbuka lini mara ya mwisho mtaa ule ulikuwa kimya kiasi kile. Akatazama chini.

Ncha ya kalamu iligusa karatasi, ikatulia hapo hapo.

"Mzee, muda unakwenda," karani alisema. "Jina hapo, saini hapo, na hapa namba ya mlango wako. Bila namba ya mlango haihesabiki."

Mzee akavua miwani. Akamsukumia karatasi kifuani.

"Mlango gani?" alisema, na safari hii hakupaza sauti. "Mimi sijakaa mtaa huu hata siku moja. Nakaa kwa mwanangu, huko kwenye nyumba za kimya, ambako hata hodi hatupigiwi. Kila asubuhi napanda mabasi mawili kuja hapa."

Kisha akamgeukia fundi, uso umemkunjamana kwa hasira.

"Na wewe umenitolea macho ya nini? Kagonge!"