Mara Kumi na Moja kwa Geti Moja

Jina langu lilikuwa kwenye faili la usalama wa taifa, na aliyelisoma ni mke wangu.

Yeye ni mbunge, mwenyekiti wa kamati inayowakagua hao watu wa usalama. Mimi nachomelea mageti. Saa tano asubuhi alikuja karakana kwa miguu, beji bado shingoni.

"Mume wangu, nimejitoa kwenye kamati," akasema. "Sheria yetu ni hiyo. Ukikuta mtu wako kwenye faili, unasema, unatoka."

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mkurugenzi wa usalama. Aliniambia karatasi yako inaweza kupotea, mradi nisiwaulize maswali mengi. Nikayasema hayo mbele ya wajumbe wote."

Nikazima mashine. "Kwani nimefanya nini mimi?"

"Ya ndani ya faili siwezi kukuambia."

Nikafikiri. Mwaka huu nimekwenda nyumba moja mara kumi na moja, kisa geti lililokataa kufunga. Mwenye nyumba mkimya, mapazia yake hayafunguliwi. Huenda anayechunguzwa ni yeye, nami nikahesabiwa mgeni wake.

"Ni lile geti?"

Akatazama chini, akiuma mdomo asicheke. "Sijasema kitu. Ila fundi wa maana huenda mara mbili."

Akanifuta masizi shavuni kwa kidole gumba, akakiacha hapo hapo.

Kiti kile alikipigania miaka saba. Kusimama na kutoka kulimchukua dakika mbili. Uenyekiti umekwenda, ripoti ya kamati ataisaini mwingine, na uchaguzi ujao chama hakitamsimamisha mtu aliyemuumbua mkurugenzi.