Mikono Michungu

Milembe alirudi kutoka shamba la tumbaku saa nne asubuhi, nguo zimelowa umande wa majani, kichwa kikimzunguka. Alikuwa ametapika mara mbili, kama kila msimu wa kuchuma. Binti yake Kabula, wa miezi saba, alikuwa akilia njaa. Milembe akakoroga uji, akaupoza, akamlambisha kwa kidole. Mtoto akakunja uso, akautema, akausukuma mkono wa mama yake.

Nsolo, mumewe, alikuwa akifunga majani kwenye fito mlangoni mwa bani, banda la kukaushia tumbaku.

"Anaumwa?" aliuliza.

"Haumwi. Mikono yangu ndiyo michungu."

Akaisugua kwa majivu, kisha kwa ndimu. Utomvu mweusi wa tumbaku ulibaki palepale. Akatafuta kijiko, akamlisha mtoto kwa mbali kidogo, asimguse.

"Baba Kabula," alisema taratibu, "kesho sitachuma. Nakwenda kupalilia karanga zetu."

"Majani yataharibika shambani! Nitachuma peke yangu?"

"Chuma utakayoweza. Mimi siendi kesho, wala keshokutwa."

Nsolo alinyanyuka kwa hasira, akaja hadi jikoni. Kabula alipomwona akamnyooshea mikono abebwe. Baba akainama kumchukua, kisha akasita, akairudisha nyuma mikono yake yenye kucha nyeusi.

Alitoka uani, akachuchumaa kando ya beseni la maji, akanyoosha mikono. Milembe akachukua kata, akaanza kummiminia maji. Yalitiririka uani yakiwa na rangi ya chai nzito, na mtoto akayatazama yanavyokwenda.