Meno ya Mfalme wa Majini

“Apana, muzee. Sauti yako ni ya kulalisha batoto. Nitatafuta mwingine,” akasema Marwa, mchoraji wa mchezo wa kompyuta wa mtindo wa Kijapani.

Kwenye skrini alikaa mfalme wa majini aliyemchora, meno kama misumari. Nilitaka kuwa sauti yake.

Mimi, niliyeita mara moja tu pale bandarini, meli iliyokaribia Kigoma ikageuka na kurudi!

Nikavua meno yangu ya bandia, nikayaweka mezani yakimeremeta kwa mate. Nikainamia maikrofoni.

“Piga magoti.”

Vioo vya dirisha vilitetemeka, na hapo sijatia chumvi.

Marwa alinitazama kinywani. Kisha akashika kalamu yake ya kuchorea kwenye skrini, akaanza kufuta meno ya mfalme.